Fundi Aliyeinyamazisha Meli

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mmelala chali na simu vifuani, kaeni kitako kwanza. Nataka kuwaambia habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji. Alikuwa fundi umeme, sote tulimwita Fundi, na ukimwita kwa jina lake la ubatizo alikuwa hageuki. Alizaliwa mwaka gani, baba yake nani, aliposa vipi, hayo kawaulizeni kwao Iringa. Mimi nawapa niliyoyaona kwa macho yangu miaka yote aliyokaa kwetu kando ya ziwa, upande wa Kyela, kwenye gati dogo ambako meli huja kufunga kamba. Nimechoka, na mengine ya haya yananichosha zaidi kuyasema kuliko kuyanyamazia. Lakini nimeyanyamazia vya kutosha.

Nianze na mkono wake.

Fundi alikuwa hagusi kitu kwa kiganja. Sufuria, mlango wa bati, nguzo, paji la uso la mtoto mwenye homa, vyote alivigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayefukuza inzi. Siku za mwanzo nikadhani ni majivuno. Nilikuwa nauza chakula pale gatini. Akaja, nikamwekea wali na samaki, naye akaigusa sahani kwa mgongo wa mkono.

Nikamwambia, "Baba, chakula changu kina ukoma?"

"Hapana, mama. Umeme ukikukuta umeshika kwa kiganja, vidole vinajikunja, vinakamata, haviachii tena. Ukigusa kwa mgongo, mkono unaruka wenyewe."

"Sasa kwenye wali kuna umeme gani?"

"Mkono haujui leo ni wali na kesho ni waya. Ukiufundisha, ufundishe moja kwa moja."

Basi akala. Akala siku hiyo na karibu kila siku iliyofuata, mpaka nikajua kwamba hapendi nyanya iliyoiva sana, kwamba Ijumaa hali nyama, na kwamba ukimpa ndizi atakula lakini lazima akutukane kwanza.

"Nyinyi Wanyakyusa," alikuwa anasema, "mkikosa ndizi siku mbili mnaandika barua serikalini."

"Na nyinyi Wahehe mkipewa ndizi mnatafuta ugali wa kuzilia," nilimjibu. Hapo ndipo akanipa jina la Mama Ndizi, nalo likanishika. Hata wapagazi wa gatini waliniita hivyo, watu ambao mama zao nimewazika.

Kila mtu alimsalimia "Kamwene," kwa Kihehe, asubuhi, mchana, mzee, mtoto, mgeni kutoka Malawi. Wazee wetu walimwitikia "Ndaga" kwa heshima tu. Miaka yote hiyo Kinyakyusa hakukijua, ila maneno ya kugomba. Ukisikia anagomba ungesema kazaliwa Tukuyu.

Sasa niwaambie habari za moshi, maana nyinyi wengine mmezaliwa mkaukuta, mnadhani ndivyo ziwa lilivyo.

Meli ikija, inashusha mizigo, kisha inakaa. Siku tatu, nne, wakati mwingine wiki, inasubiri saruji, inasubiri mchele, inasubiri amri. Ikikaa, ile injini kubwa ya kutembea inazimwa. Lakini ndani mna taa, mna pampu za kutoa maji, mna majokofu, mna mashine ya kunyanyulia mizigo. Vyote hivyo vinataka umeme. Kwa hiyo jenereta la meli linaunguruma mchana kutwa na usiku kucha, linakunywa dizeli, na moshi wake hauendi ziwani. Upepo wa kwetu kutwa unatoka majini kuja nchi kavu. Moshi unakuja kwetu.

Nilikuwa nafuta majani ya migomba kwa kitambaa kabla ya kufunikia chakula, kitambaa kinatoka cheusi. Shuka ukianika nyeupe unaanua ya kijivu. Kakao, ambayo ndiyo maisha yetu Kyela, mnunuzi alikuwa anachota konzi moja, ananusa, anairudisha kwenye gunia. "Mama, hii inanuka dizeli." Unarudi nayo nyumbani. Haya yote tulikuwa tumeyazoea. Ambalo sikulizoea ni kifua cha Tusekile.

Tusekile ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu aliolewa Iringa, akaniachia mtoto nimlee kwa kuwa nyumba ilikuwa imebaki na mimi peke yangu. Alikuwa na miaka minne kifua kilipoanza. Meli ikiwa safarini, mtoto anakimbia na wenzake. Meli ikifunga kamba, siku ya pili mtoto anakaa kizingitini, mabega yanapanda yanashuka, na ndani ya kifua mnalia kama mlango usiotiwa mafuta. Zahanati wakasema ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta, wakaniambia nimweke mbali na moshi. Nikawauliza, mbali wapi? Nyumba yangu iko hatua sitini kutoka gatini. Shamba langu liko hapo, na kaburi la mume wangu liko hapo.

Fundi alimkuta kizingitini siku moja. Akamgusa kifua kwa mgongo wa mkono, akainama, akasikiliza. Alikuwa anasikiliza watu kama anavyosikiliza mashine. Kisha akasimama akaiangalia meli kwa muda mrefu, na nyinyi mfahamu kwamba meli ile alikuwa anaipenda. Ujana wake wote aliutumia ndani ya chumba cha injini. Aliletwa nchi kavu kuwa fundi wa gati baada ya magoti kuchoka kupanda ngazi. Jenereta lile alilijua kwa kikohozi. Tukiwa tunakula angeweza kuacha tonge hewani, akasema, "Sindano ya pili ya kupulizia dizeli imeziba," akaenda, na kweli imeziba.

Siku ile hakusema habari za sindano. Alisema, "Injini kazi yake ni kutembeza meli au kuwapa umeme walio katikati ya maji. Meli imefungwa kamba, nguzo ya umeme ile pale kwenye mashine ya mpunga, na bado linaunguruma. Ni sawa na mtu aliyefika kwake akasimama mlangoni anapiga hatua palepale."

"Basi lizimeni."

"Mama Ndizi, ungekuwa wewe ndiye mkuu wa bandari."

Akaanza kuandika barua. Alikuwa na mwandiko wa shule ya misheni, herufi zimesimama wima kama mahindi. Alitaka ivutwe kebo, waya mnene, kutoka nguzoni mpaka gatini, meli ikifunga kamba ichomekwe kama mnavyochomeka simu zenu, jenereta lilale. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa kwamba imepokelewa. Ya tatu akaniletea niweke sahihi, mimi na akina mama wengine wa ufukweni. Mimi nina darasa la pili. Niliandika jina langu polepole, nikatoboa karatasi.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka mjini, shati limenyooka, akaitisha mkutano pale pale gatini. Akacheka. Akasema, "Mzee, meli ina umeme wake, iletewe wa nini tena?"

Fundi akamuuliza, "Na wewe una miguu yako. Mbona umekuja na gari?"

Watu wakaangua kicheko mpaka yule bwana naye akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuletea waya, kuliko zile barua zote. Haukupita muda mrefu kebo ikaja, nyeusi, nene kama mkono wa mtoto. Walisema wangeizika ardhini, lakini kibali cha kuchimba hakijatoka, kwa hiyo kwa muda itakaa juu. Ikalazwa juu ya vigogo vidogo, kutoka nguzoni, ikapita nyuma ya choo changu, ikakata uwanja wangu wa kuanikia, ikafika kwenye sanduku la chuma gatini. Katikati ya uwanja wangu palikuwa na kiungo, mahali vipande viwili vilipounganishwa. "Kwa muda," walisema. Kwa muda huo nimeota mvi.

Siku waliyolizima jenereta mara ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi alichomeka, akapandisha swichi, taa za meli hazikupepesa hata kidogo. Akampungia mkono mtu wa ndani. Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Sijui niwaelezeje. Tulikuwa tunaishi kwa kupiga kelele. Ukimwomba jirani chumvi unapiga kelele, ukisali unapiga kelele, ukigombana ndani ya nyumba unapiga kelele kwa kuwa hakuna atakayesikia. Sasa kelele ya meli ikaisha, sisi hatukujua kuacha. Asubuhi ile ile ufukwe mzima ulisikia mke wa mpagazi mmoja anamwambia mumewe ni mume gani asiye na haya. Tukasikia mpishi wa meli anaimba, na anaimba vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia mwenzangu kwamba mke wa mwinjilisti wali wake hauna chumvi, nikageuka, mke wa mwinjilisti huyo hapo, amesimama na ndoo kichwani. Akasema, "Nimesikia, mama." Kumbe hata maji ya ziwa yana sauti. Tuliishi kando yake hatujui.

Fundi alikuja kula, akakaa, akashika kichwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Masikio yananiwasha." Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima, anatafuna wali analia. Alililia jenereta aliloliandikia barua lizimwe. Mimi sikucheka. Nilimwongezea mchuzi.

Ndivyo alivyokuwa, alikuwa hapatani na nafsi yake. Aliuchukia moshi wa meli kama mwizi, na mfukoni ana sigara. Nilimwambia, "Wewe mwenyewe ni meli ndogo." Akatoka kwenda kuvutia mbali, ng'ambo ya mashine ya mpunga, na tangu siku ile hakuvuta tena karibu na mtoto, lakini kuvuta hakuacha. Alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, shati jeupe lenye mkunjo wa pasi, na umeme ukikatika alitoa maneno ambayo padre angefunga masikio. Alituambia umeme ule unatoka kwao juu, kwamba maji ya Usangu yanaingia Ruaha, yanapita kule Idodi, yanakwenda kuzungusha mashine Mtera, yakimaliza ndipo taa inawaka Kyela. Kwa hiyo umeme ukikatika kiangazi, aligeukia upande wa milimani akaunyoshea kidole. "Wakulima wa Madibira! Mmeunywesha mpunga umeme wangu!" Watoto walimsubiri aseme hivyo wapate kucheka.

Lakini kwenye daftari la zamu alikuwa hana mchezo. Kila kilichoharibika kiliandikwa, saa, mahali, sababu. Mara moja mwenzake aliandika "sababu haijulikani." Fundi akamwita mbele yetu sote, akamwekea kidole kwenye mstari. "Sababu inajulikana. Ni wewe hujainama kuitafuta." Yule mtu akarudi, akainama, akaikuta. Panya.

Na kila asubuhi alitembea waya. Kutoka nguzoni mpaka gatini, kila hatua chache anainama anaugusa kwa mgongo wa mkono, kama daktari anayezungukia vitanda. Akikuta kuku amelala juu yake anamfukuza. Kuku ndio waliogundua kwanza kwamba waya una joto. Sisi akina mama tukagundua baada ya kuku. Fundi akatuita, akasema neno moja, nalo alilisema kwa utaratibu, bila kugomba. "Waya huu unapumua. Ukibeba mzigo unapata joto, na joto lazima litoke. Msiufunike. Hata kwa kanga. Ukifunikwa, joto linarudi ndani, unajipika."

Tulisikia wote. Mimi nilisikia. Nataka mwelewe hapo, kwamba sikufanya kwa kutojua.

Ilikuwa masika, mvua za Kyela, zile ambazo zinanyesha mpaka unasahau rangi ya mbingu. Nilikuwa na kakao nimeivundika, imetoka kwenye majani ya migomba, inataka jua. Jua hakuna. Siku ya tatu ikaanza kuota ukungu mweupe. Jumapili asubuhi mvua ikapungua ikawa manyunyu. Fundi alikuwa amekwenda misa. Meli ilikuwa gatini inapakia, mashine ya mizigo inafanya kazi, majokofu yamejaa, na mimi nikapita uwanjani mwangu nikaweka mkono juu ya kile kiungo. Kina joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Nikasema, saa mbili tu. Kabla hajarudi.

Nilitandika jamvi langu juu ya kiungo. Nikamwaga kakao mbichi, inachuruzika maji. Nikafunika kwa turubai, joto lisipotee. Nikarudi jikoni kama mtu aliyefanya jambo la akili.

Hazikutimia hata hizo saa mbili. Nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Kisha ukatoka mlio mmoja, mkavu, na pampu za meli zikanyamaza. Nilipotoka mlangoni turubai lilikuwa linafuka. Fundi alikuwa anatoka kanisani, nikamwona anakimbia na magoti yake yale mabovu, shati jeupe, viatu mkononi. Akapiga kelele "Zima!" kwa mtu wa nguzoni, swichi ikashushwa. Kisha akaingia kwenye moshi akakamata turubai.

Alikamata kwa viganja. Mtu yule. Mpira wa waya ulikuwa umeyeyuka ukashikana na turubai, na turubai likashikana na kiganja chake cha kulia. Akavuta mpaka likaachia. Kisha, kabla mtu yeyote wa ofisi hajafika, akalikunja jamvi pamoja na turubai na kakao yote iliyomo, akaliburuta mpaka ukingoni, akalisukuma ziwani kwa mguu. Alipogeuka aliniangalia. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko. Aliniangalia mara moja tu.

Meli ikawasha jenereta. Tusekile alikuwa nyuma yangu, amekamata kanga yangu. Akachukua pindo lake akajifunika pua, bila kuambiwa.

Wakaja watu wa kuchunguza. Wakauliza, wakapima, wakapiga picha. Sisi akina mama tukaulizwa kama tumeona kitu. Tukasema tulikuwa jikoni. Wenzangu walisema kweli, mimi nilisema uongo. Baada ya siku chache mpishi wa meli akaja kwangu anacheka. "Fundi kazeeka! Unajua kaandika nini kwenye daftari? 'Sababu haijulikani'!" Wote waliokuwa wanakula wakacheka. Nilikwenda uani nikakaa kwenye kinu.

Kilichofuata ni kifupi. Ofisi ikasema umeme wa nchi kavu si salama. Waya ukakunjwa, ukafungiwa stoo. Fundi akaambiwa apumzike kabla ya wakati wake kufika, na kwa mdomo wakasema aliunganisha vibaya. Alikuja kuniaga amebeba begi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji. Nilimpa mkungu wa ndizi. Akajaribu kutania, akasema, "Hizi nitazilia ugali." Kisha akasema, "Mwangalie mtoto, Mama Ndizi."

Hapo palikuwa na nafasi. Gari lilikuwa halijafika, tulikuwa wawili tu, na mvua imekatika. Nilimwambia asafiri salama.

Miaka imepita na moshi. Nilihesabu usiku wa Tusekile kwa pumzi zake. Akifika shule siku mbili, siku tatu hafiki. Mwishowe nikampeleka kwa mama yake Iringa. Kule kuna baridi na vumbi lakini hakuna meli. Watu waliniambia umefanya vizuri, bibi, umemwokoa mtoto. Nikawaitikia. Nilikuwa nimemfukuza mtoto kwao kwa sababu ya jamvi moja la kakao, halafu nikapewa sifa.

Mwaka jana baada ya mavuno ya mpunga nilipanda basi kwenda kumwona. Amerefuka. Binti yangu akaniambia, kama jambo la kupita tu, kwamba kuna mzee kule Tosamaganga anatengeneza pasi na redio, mkono wake mmoja haukunjiki, na akisikia mtu anatoka Kyela anauliza kama ndizi zimeiva. Asubuhi yake nikamchukua Tusekile, tukaenda.

Alikuwa ameketi juani mbele ya kibanda kidogo, koti zito, kofia ya sufu, upepo wa Iringa unapuliza. Mbele yake redio imefunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa.

"Kamwene," nikasema.

Akasema, "Mama Ndizi. Umechelewa. Wali umepoa."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, toka Kyela, Mbeya, Makambako, mpaka Mafinga nilikuwa nayo. Pale yakaisha.

"Fundi, kakao ilikuwa yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Jamvi lile lilikuwa na kiraka cha mfuko wa mbolea. Nimelikalia miaka yote nakula kwako. Nisilijue?"

"Mbona hukuandika?"

Akachukua bisibisi kwa mkono wa kushoto, akaiweka. "Ningeandika kakao, wangewaondoa akina mama wote pale ufukweni. Kesho yake, kwa matrekta. Nikasema niandike hivyo, halafu wewe utakwenda kusema mwenyewe, kwa mdomo, taratibu, kama watu wazima. Nikakupa wiki. Nikakupa mwezi."

Tusekile alikuwa anatuangalia, huyu kisha yule.

"Na mimi nilikosea," akasema. "Usijibebeshe peke yako, una mgongo mbaya. Ofisi isiyojua sababu inaogopa kitu chenyewe. Wangejua ni jamvi, wangekataza majamvi. Hawakujua, wakakataza waya. Maisha yangu yote nimeandika uongo mstari mmoja, nao ndio uliowasha lile jenereta. Kila siku nikikaa hapa nalisikia."

"Toka Kyela?"

"Toka Kyela."

Kisha akamwita Tusekile. Akamwekea mgongo wa mkono kifuani, ule mkono mbaya. Kiganja kilikuwa kimekauka, kimevutika kama ngozi ya ngoma. Akasema, "Vuta pumzi. Toa. Tena." Akainamisha sikio. "Inapitisha. Chujio tu lilikuwa chafu."

Mtoto akacheka. Halafu akamuuliza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuniuliza mimi, "Babu, mimi kwetu nitarudi lini?"

Fundi aliniangalia, kama alivyoniangalia siku ile nimesimama na mwiko. Akasema, "Muulize bibi yako. Swichi anayo yeye."

Tukala pale, ugali na maharage, kwa kuwa ndizi za kwao ni za mapambo. Tulipoaga akanipa mkono. Nikanyosha kiganja, naye akanigusa kwa mgongo wa mkono, haraka, akaurudisha koti lake likaumeza.

Nilirudi Kyela. Asubuhi iliyofuata nikaenda ofisini. Mkuu wa sasa ni mama kijana, angeweza kuwa binti yangu. Nilimwambia yote, jamvi, kiungo, Jumapili, ziwa. Akatuma watu watafute daftari la zamani, likaja lina vumbi, akaufungua ukurasa. Mwandiko wa Fundi haukuwa umesimama wima, alikuwa ameandika kwa mkono wa kushoto. Yule mama akaniambia niandike sababu chini yake mimi mwenyewe. Niliandika. Ilinichukua muda, na karatasi nikaitoboa tena. Akasema yeye hawezi kuahidi. Ataomba waya ukaguliwe, ataomba kibali cha kuuzika, lakini ofisi itauliza swali moja tu, kama wale watu wa ufukweni watauachia njia. Nikamwambia swali hilo asilipeleke ofisini, alilete kwangu.

Nilipofika nyumbani waliokuwapo ni mwanangu wa mwisho, aliyehamia kwangu baada ya Tusekile kuondoka, mkewe, na wajukuu wakubwa wawili. Uwanjani palikuwa pamejaa, msimu umekuwa mzuri. Sikukaa chini. Niliwaambia hivi: kuanzia leo, kutoka nguzoni mpaka gatini, upana wa hatua nne, pasianikwe kitu. Waya haujaja, sijali, njia iwe wazi kabla haujaja. Isiwe kakao, isiwe mpunga, usiwe usipa, wale dagaa wetu, isiwe hata nguo ya mtoto. Na siku mtakayonikuta mimi nimetandika hapo, mvua au jua, nishikeni mikono, mniondoe pamoja na jamvi langu.